Mnada wa Senti Ulioingia Jikoni Kwetu

Kisa cha blenda

Kitu cha kwanza kuingia nyumbani kwetu kutoka kwenye mnada wa senti kilikuwa blenda. Ilikuwa mwaka 2010, tukiishi kusini magharibi mwa Houston, jimbo la Texas, na mume wangu akifanya kazi ya usiku kwenye makao ya wazee. Alifungua boksi palepale mlangoni, akaiweka blenda mezani, akasema, "Mama watoto, kisia bei." Nikakisia dola arobaini, kwa sababu ndiyo bei niliyokuwa nimeiona dukani. "Dola tatu na senti kumi na nane," akajibu, na nyumba nzima ikachangamka. Jioni ile tulisaga maembe, watoto wakanywa juisi mpaka wakashiba, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu aliyekuwa akikaa nasi huku akisoma chuo, akataka aonyeshwe hiyo tovuti.

Nilifurahi pamoja nao. Anayelisha watu sita ugenini hawezi kuidharau blenda ya bei hiyo. Lakini kazi yangu ni uandishi wa hesabu, na daftari la nyumba nimelishika mimi tangu tulipooana. Mwisho wa wiki nilimwomba mume wangu risiti ili niandike. Akanipa mbili. Moja ilikuwa ya dola 3.18 za blenda na dola 9 za usafirishaji. Ya pili ilikuwa ya dola 60.

"Hii sitini ni ya nini, baba watoto?"

"Hayo ni madau. Nilinunua mia, na mengine yamebaki."

Alikuwa ametumia madau 35. Kila dau lilikuwa senti 60, kwa hiyo madau peke yake yalikula dola 21. Nikajumlisha: 21, 3.18 na 9. Blenda ya dola tatu ilikuwa imetugharimu dola 33.18. Nilimwonyesha jumla, akaisoma mara mbili, akasema, "Hata hivyo tumepata nafuu." Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeokoa karibu dola 7, nami kwa kuwa nilitaka amani ya nyumba, na kwa kuwa alikuwa amesema kweli, sikubisha.

Saa inayokataa kufika sifuri

Usiku ule nilimwomba anifundishe sheria za mnada wenyewe, naye akanifundisha kwa subira. Nazieleza hapa kwa sababu nimekutana na watu wengi waliotoa kadi zao za benki kabla ya kuzielewa.

Kwanza, hutaji bei yoyote kabla hujanunua haki ya kuitaja. Madau yanauzwa kwa kifurushi, na unalipa papo hapo. Pili, kila dau linapandisha bei ya bidhaa kwa senti moja tu, ndiyo maana bei inayoonekana hubaki ndogo hata baada ya saa nyingi za ushindani. Tatu, saa ya mnada inahesabu kurudi nyuma, na kila dau jipya linaiongezea sekunde kumi au ishirini ili wengine wapate nafasi ya kujibu. Mshindi ni yule ambaye saa inafika sifuri bila mtu kubofya baada yake. Nne, na hapa ndipo ulipo uhai wa biashara yenyewe, dau lililotumika halirudi. Mshindi analipa madau yake, bei ya mwisho na usafirishaji. Walioshindwa wanalipa madau yao, na hawapati kitu.

Nilichukua kalamu. Bei ya blenda ilifika dola 3.18, na kila dau lilikuwa limeongeza senti moja. Maana yake watu walikuwa wameweka madau 318. Zidisha kwa senti 60, unapata dola 190.80. Ongeza zile 3.18 za bei, mwenye mnada alikusanya karibu dola 194 kwa blenda inayouzwa 40 dukani. Katika madau yale, mume wangu alikuwa amelipia dola 21. Dola 169.80 zilizobaki zilitoka kwa watu wengine, kila mmoja nyumbani kwake, ambao hawakupata hata mfuniko wa blenda. Nafuu yetu haikutoka kwa mwenye mnada. Ilitoka kwao.

Mume wangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini kila mmoja wao amepoteza kidogo tu."

Maneno hayo nimeyafikiria kwa miaka mingi, kwa kuwa mpango mzima umejengwa juu yake. Hasara inakatwa vipande vidogo kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuiandika. Senti 60 haimfanyi mtu amwamshe mkewe amtake ushauri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona biashara inayolitegemea daftari lisiloandikwa kuliko hii.

Mnada wa namna hii ulianzia Ujerumani mwaka 2005, kwa tovuti iliyoitwa Telebid. Baadaye ikabadili jina kuwa Swoopo, na mwaka 2008 ikaingia Marekani. Wengine wengi wakaiga mfano wake, na tovuti iliyompata mume wangu ilikuwa mojawapo ya hao walioiga. Kwa hiyo tulipokuwa tukisaga maembe, mchezo wenyewe ulikuwa mpya nchini, matangazo yake yakionekana kila mahali, na watu wachache walikuwa wamekaa na kalamu kuuhesabu.

Mbinu za shemeji

Shemeji yangu hakukubali kwamba jambo limekwisha. "Shemeji," aliniambia, "mchezo wowote wenye sheria una mbinu zake. Nipe muda." Kwa wiki kadhaa alikaa akitazama minada bila kuweka dau hata moja. Aliandika bidhaa, saa, bei ya mwisho na jina la bandia la kila mshindi. Kisha akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, nasi wote tukaisoma.

Mbinu yake ya kwanza ilikuwa ileile aliyoitumia: tazama kabla ya kulipa. Aliona majina yaleyale yakishinda tena na tena. Hao ni watu walionunua madau kwa mamia, na ukiona jina la mmoja wao kwenye mnada, toka. Ya pili, usiingie mapema. Dau linalowekwa bei ikiwa bado changa linamnufaisha mwenye mnada peke yake, maana mamia wengine watakuja baadaye. Ya tatu, chagua kisichogombewa. Simu, laptopu na televisheni huvuta umati. Mashuka, sufuria na vifaa vya fundi huwa na watu wachache, hasa asubuhi ya siku ya kazi au usiku ambao taifa zima linaangalia fainali ya mpira wao.

Ya nne ilihusu programu inayoweka madau yenyewe. Tovuti nyingi humpa mchezaji nafasi ya kuikabidhi programu madau yake, nayo inabofya kila saa inapokaribia sifuri. Programu haichoki wala haisinzii, kwa hiyo anayebofya kwa mkono hawezi kuishinda kwa uvumilivu. Lakini pia haina busara: itamaliza madau ya mwenyewe yote huku amelala. Ya tano, wapo wanaojibu kila dau papo hapo, tena mfululizo, ili kuwatisha wengine waondoke. Hutisha kweli, na huwagharimu sana wakikutana na mwingine mwenye nia kama yao.

Sita, soma masharti mpaka mwisho. Angalia kama kujiandikisha peke yake kunakata ada, kama madau yasiyotumika yana tarehe ya kuisha, na kama kuna kikomo cha vitu unavyoruhusiwa kushinda kwa mwezi. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, inayowalinda walaji, ilitoa onyo kuhusu minada hii mwaka 2011, na ada za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa mambo iliyoyataja, pamoja na bidhaa zinazochelewa au zisizofika. Ikibidi ulipe, lipa kwa kadi ya mkopo. Ni rahisi zaidi kuyapinga malipo ya kadi hiyo kuliko kuirudisha fedha iliyokwisha toka kwenye akaunti yako.

Ya saba aliipigia mstari: andika kikomo cha fedha kabla ya kuanza, kikiwa na madau, bei na usafirishaji ndani yake.

Zilikuwa mbinu nzuri, na nyingine ningempa hata leo anayeniuliza. Kasoro yake ni kwamba washindani nao wanazijua. Wote wakisubiri mwisho ndipo waingie, mwisho unasogea mbele. Wote wakikimbilia mashuka, mashuka yanapata umati. Tena shemeji hakuweza kuona ni watu wangapi walio nyuma ya skrini. Watafiti watatu, John Byers, Michael Mitzenmacher na Georgios Zervas, walilichunguza hilo katika kazi yao ya mwaka 2010, wakaonyesha kwamba wachezaji wakidhani wako wachache kuliko walivyo, hata kwa tofauti ndogo, faida ya mwenye mnada hukua sana. Na mchezaji anayetazama skrini usiku, peke yake sebuleni, ni rahisi kudhani hivyo.

Shemeji alishinda seti ya sufuria na kadi ya zawadi ya duka. Tulipoandika kila kitu, alikuwa ametoka sare, hakula hasara wala hakupata faida. Alitazama saa zote alizokaa macho, akasema angezitumia kufanya kazi maktaba ya chuo angekuwa na kitu mkononi. Akaitoa karatasi kwenye friji kwa mikono yake mwenyewe.

Usiku wa laptopu

Mume wangu hakuwa na subira ya shemeji, ila alikuwa na sababu iliyo nzito kuliko yake. Binti yetu mkubwa alikuwa ameingia chuo, na alikuwa akiandika kazi zake kwenye kompyuta za maktaba mpaka inapofungwa. Baba yake alitaka amkute ana laptopu mezani siku ya kuzaliwa kwake. Hakumwambia mtu. Alipata usiku wa mapumziko, akasubiri tulale, akakaa sebuleni.

Niliamka kabla ya alfajiri, nikaona mwanga. Nilimkuta ameinama mbele ya skrini, kidole juu ya kitufe, na chai iliyopoa pembeni. Saa ya mnada ilikuwa ikishuka: saba, sita, tano, nne. Akabofya. Ikarudi juu. Sekunde chache baadaye jina lingine likatokea chini ya lake, na jingine chini ya hilo. Ilikuwa dhahiri kwamba wale wawili walikuwa wamekabidhi kazi kwa programu. Muda wa kujibu kwao ulikuwa uleule kila mara.

"Umeanza saa ngapi?"

"Mama watoto, ngoja kidogo. Karibu wanaishiwa."

"Umetumia kiasi gani?"

Hakujibu mara moja. Akabofya tena, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Nikiacha sasa, yote niliyoweka yamepotea."

Nilikaa karibu naye. Sikumnyang'anya kitu, na sikupandisha sauti, kwa sababu watoto walikuwa wamelala na kwa sababu niliona uso wake. Nilimwona mtu aliyebeba wazee vitandani mwao wiki nzima, anayetaka kumpa mwanawe kitu kimoja kizuri. Madau yake yakaisha. Aliponyosha mkono kuchukua kadi anunue kifurushi kingine, niliuweka mkono wangu juu ya wake, nikamwambia, "Tuangalie tu, pamoja." Tukaangalia. Wale wawili waliendelea mpaka mmoja akaisha. Laptopu ilikwenda kwa dola 58.20.

Mume wangu alikuwa ametumia madau 520. Hizo ni dola 312.

Kwenye daftari nilipiga hesabu ya mnada mzima. Dola 58.20 ni senti 5,820, kwa hiyo ni madau 5,820. Kila moja senti 60: dola 3,492. Pamoja na bei, mwenye mnada alikuwa amekusanya dola 3,550.20 kwa kompyuta moja ambayo duka la karibu nasi liliiuza kwa 649.

Hesabu ya mezani

Asubuhi ikaja barua pepe. Tovuti ilikuwa inamfariji: anaweza kuinunua laptopu ileile kwa bei yake kamili, na dola zote alizotumia kwenye madau zitapunguzwa kwenye bei hiyo, mradi aamue ndani ya siku moja. Mume wangu alipumua kwa nguvu. "Unaona? Hazijapotea."

Nikamwomba tukae mezani, na shemeji akakaa nasi. Bei kamili kwenye tovuti ilikuwa dola 899, wakati dukani ilikuwa 649. Tukitoa 312 zilibaki 587, na usafirishaji 29, jumla 616. Mume wangu akasema kwa haki kabisa, "Dola 616 ni chini ya 649. Tukiacha, tumepoteza 312. Tukinunua, tumeokoa 33."

Wakati huo nilikuwa nasoma uchumi jioni, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha mchezo alioueleza Martin Shubik mwaka 1971. Dola moja inanadiwa. Anayetaja bei ya juu kabisa anaichukua, lakini wa pili naye analipa alichotaja bila kupata kitu. Watu huanza kwa senti chache wakiona ni bahati. Baada ya muda wawili hujikuta wakishindana kupita dola nzima, kila mmoja akiongeza ili asipoteze alichokwisha taja. Kinachowasukuma mbele si dola tena. Ni kile kilichopita.

Nikamweleza mume wangu mchezo huo, kisha nikamuuliza: "Baba watoto, tuseme leo ndiyo tumeamka, hatujawahi kuusikia mnada huu. Mtu anakuja anatuuzia laptopu hii kwa dola 616. Tungeinunua?"

Alifikiri kwa muda mrefu. "Hapana," akasema. "Tungenunua ile ya 399."

Tulimwita binti yetu, tukamweleza yote. Akasema anahitaji kuandika insha na kutafuta makala, na ile ya 399 inatosha kabisa. Tukamnunulia hiyo dukani. Ukilinganisha na njia ya tovuti, tulibakiwa na dola 217 za chakula na kodi ya nyumba. Zile 312 niliziandika kwenye safu ya hasara, na mume wangu akatia saini pembeni bila kuombwa.

Sikumwona mume wangu kuwa mjinga, na sitaki msomaji amwone hivyo. Ned Augenblick, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kumbukumbu za minada 166,000 ya Swoopo, na kazi yake ikachapishwa mwaka 2016. Alikuta faida ya wastani ya mwenye mnada ikizidi asilimia 50, na akaonyesha kwamba kadiri mchezaji alivyokwisha weka fedha nyingi kwenye mnada mmoja, ndivyo alivyozidi kushindwa kuuacha. Hao walikuwa watu wengi mno, wa nchi tofauti. Mnada huu unaigeuza fedha iliyokwisha toka kuwa sababu ya kutoa nyingine, na mtu mwema mwenye uchungu na familia yake ndiye anayeshikwa haraka, kwa kuwa hataki kurudi kwa watoto mikono mitupu.

Mama kwenye simu

Jumapili tulimpigia simu mama mkwe wangu, Kigamboni. Kwa miaka mingi alikuwa akivuka kwa pantoni alfajiri kwenda soko la samaki la Feri, ananunua mnadani, anarudi kukaanga na kuuza. Watoto wake wote walisoma kwa fedha ya mnada. Mume wangu, ambaye hajawahi kumficha mama yake kitu, akamsimulia.

Mama alitaka kuelewa sawasawa. "Huyo dalali wenu, ukishindwa kupata samaki, pesa yako inabaki kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Na wote walioshindwa, pesa zao zinabaki kwake?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, Feri nikipaza sauti mpaka koo likauke, na samaki akaenda kwa mwingine, nafunga khanga yangu na hela yangu imo. Kesho naitumia tena. Kama ningekuwa nalipia kila ninapofungua mdomo, nyinyi msingesoma."

Sijapata kusikia maelezo yaliyo wazi kuliko hayo. Mnada wa haki, uwe wa samaki Feri au wa ng'ombe Pugu, unamlipisha mtu mmoja, na anachokilipia anaondoka nacho. Bei inayotajwa ndiyo bei. Dalali ana faida akiuza kwa bei nzuri, na mnunuzi anaijua bei hiyo kabla ya kukubali. Kwenye mnada wa senti, bei inayoonyeshwa ni sehemu ndogo ya fedha inayokusanywa, na sehemu kubwa inatolewa na wasiopata kitu. Mume wangu alikua ndani ya mnada wa kweli, akauamini huu kwa sababu ulivaa jina lilelile. Baada ya simu ile alifunga akaunti yake, na madau machache ya bure aliyokuwa ameongezewa yakabaki humo.

Mgeni wa Jumamosi

Mwaka 2012 mtu tunayefahamiana alitutembelea. Tulimpikia pilau, tukala, kisha akafungua kompyuta yake. Alisema amepata kampuni yenye mnada wa senti, ila yeye hashiriki mnada. Unaweka fedha, unapewa madau ya kugawa kwa watu wapya, unabandika tangazo moja kila siku, na kampuni inakugawia sehemu ya faida ya kila siku. Ukimleta mwingine, unapata zaidi. Alituonyesha jinsi salio lake lilivyokuwa likikua.

Nilitaka kusema, lakini mume wangu alitangulia, kwa adabu zote anazostahili mgeni. "Ndugu yangu, hiyo faida inatoka wapi?"

"Kwenye mnada."

"Mnada unauza vitu vingapi kwa siku? Na hayo madau yanayogawiwa bure, nani anayalipia?"

Mgeni wetu hakuwa na jibu, wala hakuwa na nia mbaya; naye alikuwa amekaribishwa na rafiki yake, kwa moyo uleule. Tulimwomba atoe fedha yake mapema kadiri anavyoweza.

Agosti mwaka huohuo habari zikajaa kuhusu kampuni nyingine, ZeekRewards ya Lexington, North Carolina, iliyokuwa na tovuti ya mnada wa senti iliyoitwa Zeekler. Tume ya Mitaji na Dhamana ya Marekani iliifunga kwa amri ya mahakama, ikisema ulikuwa mpango wa upatu wa dola milioni 600 uliokusanya watu wapatao milioni moja. Kwa maelezo ya tume, karibu asilimia 98 ya mapato yake yalitoka kwa wawekezaji wapya; mnada wenyewe ulikuwa pazia. Mwanzilishi wake, Paul Burks, alipatikana na hatia mwaka 2016, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 14 na miezi minane. Swoopo yenyewe ilikwisha fungwa Machi 2011, kampuni mama yake ikifilisika.

Ninavieleza visa hivi viwili pamoja kwa sababu vinafuatana kwa njia ya kawaida kabisa. Mtu akishazoea kwamba fedha inaweza kutoka kwa watu asiowaona, ni rahisi kumwambia kuwa kuna fedha inayozaliwa na mnada usioonekana. Aliyejifunza kuuliza "nani ameilipia blenda yangu?" anakuwa na swali tayari siku ya mgeni.

Kanuni za nyumba yetu

Watoto wetu sasa wana simu zao, na huko nyumbani Dar es Salaam binamu zao wana zao. Kila mwezi kuna programu mpya inayouza nafasi ya kupata kitu badala ya kukiuza kitu chenyewe: madau, tiketi, sarafu za mchezo, mkeka wa kubeti. Hatuwezi kumfungia mtu mzima simu yake. Tulichoweza ni kukubaliana kanuni, na zimetulinda.

Kila fedha inayoitwa jina lingine inaandikwa kwenye daftari kwa jina lake la fedha. Madau mia yanaandikwa dola 60, siku yaliponunuliwa, si siku yalipotumika. Kikomo kinawekwa mchana, na watu wawili, kabla mchezo haujaanza. Hakibadilishwi usiku na mtu mmoja. Kabla ya kununua chochote kwa "nafuu," tunatafuta bei yake dukani siku hiyohiyo. Na tukiwa tumekwisha poteza, tunarudi kwenye swali lile la mezani: kama leo ndiyo tungekuwa tunaanza, tungefanya nini?

Aliyepoteza hatukanwi. Kanuni hii ndiyo inayozishikilia nyingine zote, kwa kuwa mtu anayeogopa kutukanwa huficha risiti, na risiti iliyofichwa ndiyo inayonunua kifurushi cha pili. Mume wangu alipotia saini kwenye safu ya hasara bila woga, watoto walikuwa wanamtazama, na tangu siku hiyo wamekuwa wakileta zao.

Ukiamua bado unataka kujaribu, basi mbinu za shemeji ni hizo hapo juu. Zifuate zote, na kikomo chako kiwe fedha ambayo ungeweza kuipoteza barabarani ukalala usingizi. Lakini kabla ya kutoa kadi, fanya hesabu moja inayochukua dakika moja tu. Chukua bei ya mwisho ya mnada uliokwisha, igawe kwa kiasi ambacho kila dau linaongeza, zidisha kwa bei ya dau. Kila tovuti ya namna hii itakuonyesha walioshinda, kwa picha, kwa tabasamu na kwa bei. Hesabu hiyo itakuonyesha walioshindwa, ambao ni wengi zaidi, na ambao karibu kila mmoja wao aliingia akiwa na hakika kwamba wengine wanakaribia kuishiwa.